Mgawo, Kikomo na Akiba: Historia ya Kudhibiti Matumizi ya Kumbukumbu katika Kompyuta, kwa Mfano wa Manyatta, Kisumu

I. Utangulizi

Chombo chochote kinachotumiwa na watu wengi huzusha maswali matatu: nani apewe kiasi gani, nani ahesabu alichotumia, na anayezidisha afanywe nini. Maswali hayo ni ya zamani kama kisima na ghala la nafaka. Tangu miaka ya 1960 yamekuwa pia maswali ya kompyuta. Makala haya yanakusudia kueleza, kwa mfuatano wa kihistoria, jinsi mafundi wa mifumo endeshi walivyojaribu kuyajibu kuhusu kumbukumbu, yaani nafasi ambamo programu huweka maagizo na data zake wakati inapofanya kazi. Aidha, yatachunguza istilahi za Kiswahili zinazohusika, kwa kuwa kasoro ya istilahi katika uwanja huu haiishii darasani. Humgharimu mtumiaji wa kawaida.

Kabla ya kuendelea, yafaa neno moja lifafanuliwe. Programu ni maandishi ya maagizo; mchakato ni programu inapokuwa katika utekelezaji. Tofauti yake ni kama ile iliyopo baina ya utenzi uliomo kitabuni na utenzi unapoghanwa. Utenzi mmoja waweza kughanwa mahali patatu kwa wakati mmoja, na kila mghani akahitaji ukumbi wake. Vivyo hivyo programu moja yaweza kuzaa michakato mingi, na kila mmoja ukadai nafasi yake. Tofauti hii ndiyo iliyowasumbua mafundi kwa zaidi ya miaka 40, kama itakavyoonekana.

II. Manyatta na swali la mgawo

Jina la Manyatta lina historia yake. Limetokana na lugha ya Kimaa, ambamo lilihusu kambi ya morani, tofauti na boma la kawaida la familia. Katika Kenya limepewa mahali pengi pasipo na morani, na mojawapo ni mtaa huu wa Kisumu, wenye sehemu za A na B, ambao wakazi wake wengi huzungumza Kijaluo nyumbani na Kiswahili sokoni. Ni mtaa uliokua bila ramani ya mji kuutangulia, na kwa hiyo mabomba ya maji yaliwafuata watu.

Kampuni ya maji ya Kisumu ilipokabiliwa na ugumu wa kumhesabia kila mtu katika mitaa ya namna hii, ulibuniwa utaratibu wa kukabidhi madaraka. Ulianzia Nyalenda mwaka 2004, kisha ukaenezwa katika mitaa mingine, Manyatta ikiwa mojawapo. Kwa utaratibu huo kampuni humuuzia maji kwa jumla mwendeshaji wa sehemu, na mita kuu huhesabu yote yanayoingia katika mtandao wake. Mwendeshaji naye huyasambaza kwa nyumba na vioski, kila kimoja na mita yake. Iwapo nyumba moja inavujisha maji, hasara huonekana katika hesabu ya sehemu ile, wala haienei mji mzima.

Yapo mambo mawili ya kuzingatiwa hapa. Kwanza, kikomo kilichowekwa juu ya kila mtungi wa lita 20 hakizuii chochote ikiwa nyumba moja yaweza kutuma watoto kumi wenye mitungi kumi. Kinachofaa kuhesabiwa ni nyumba. Pili, hesabu huwa na maana pale tu inapopangwa kwa ngazi: mji, sehemu, nyumba. Mafundi wa kompyuta walifikia mambo hayohayo mawili, lakini kwa njia ndefu.

III. Kutoka uzio hadi kurasa, 1961 hadi 1968

Kompyuta za mwanzo zilitumikia kazi moja kwa wakati mmoja, na swali la mgawo halikuwapo. Lilizuka pale watu wengi walipotaka kuitumia mashine moja kwa pamoja. Novemba 1961 Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mfumo wa CTSS. Baadaye mfumo huo uliendeshwa kwa mashine yenye benki mbili za kumbukumbu, kila moja maneno 32,768: moja ya mfumo wenyewe, nyingine ya watumiaji. Kazi ya mtumiaji iliingizwa katika benki yake, ikapewa zamu, kisha ikaondolewa ili nyingine iingie. Mashine iliongezewa vifaa vya kuizuia kazi hiyo isiguse nje ya mpaka wake. Kikomo cha wakati huo kilikuwa uzio: kilijengwa katika chuma, na ndani yake mtumiaji alikuwa peke yake.

Desemba 1962 Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kilizindua kompyuta ya Atlas, iliyoongozwa na Tom Kilburn. Atlas iliigawa kumbukumbu katika kurasa za maneno 512 kila moja, na ilizihamisha kurasa baina ya kumbukumbu ya haraka na ngoma ya sumaku bila mtunga programu kujishughulisha. Programu iliweza kudhani kwamba ina nafasi kubwa kuliko ile iliyokuwapo kwa kweli. Hapo ndipo kilipozaliwa kitu kipya katika historia hii: tofauti baina ya nafasi ambayo mchakato umeahidiwa na nafasi ambayo mchakato umeikalia.

Ahadi ilileta balaa lake. Michakato ilipozidi, kila mmoja ulinyang'anya kurasa za mwenziwe, naye mwenye kunyang'anywa akazidai mara moja. Mashine ikatumia muda wake wote kuhamisha kurasa, wala kazi isitendeke. Ikatapatapa kama mtu anayezama. Peter Denning ndiye aliyeeleza chanzo cha hali hiyo mwaka 1968. Hoja yake ilikuwa kwamba kila mchakato, katika kipindi chochote kifupi, una jumla ya kurasa unazozihitaji kwa dhati. Jumla hiyo isipopata nafasi, ni afadhali mchakato usimamishwe kwa muda kuliko kuuacha uendelee kwa kunyang'anya. Kwa maneno mengine, mgawo mdogo mno si mgawo. Ni njaa iliyotawanywa kwa usawa.

IV. Kikomo cha mchakato mmoja, 1969 hadi 1983

Unix ilianzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwaka 1969. Katika mashine za PDP-11, ambazo anwani zake zilikuwa za biti 16, mchakato haukuweza kuona zaidi ya kilobaiti 64 kwa mara moja. Kikomo hicho hakikuwekwa na mtu yeyote kwa kusudi. Kilitokana na upana wa anwani. Mashine zilipopanuka, kikomo hicho cha kimaumbile kilitoweka, na hapana budi kikawekwa kingine kwa sheria.

Majibu mawili yalitolewa. La kwanza ni la VMS, mfumo wa kampuni ya Digital ulioanza kutumika mwaka 1978. Humo kila mchakato ulikuwa na kiwango chake cha kurasa za kukalia. Ulipofika kiwangoni na ukahitaji ukurasa mwingine, ulilazimika kuachia mmoja wa kwake. Aliyezidisha alilipa kutoka mfukoni mwake. La pili ni la tawi la Unix la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika toleo la 4.2BSD la mwaka 1983. Hilo liliweka vikomo viwili kwa kila mchakato: kimoja laini, ambacho mchakato wenyewe waweza kukipandisha, na kimoja kigumu, ambacho ni mkuu wa mfumo peke yake awezaye kukiongeza.

Jibu la Berkeley ndilo lililoenea, nalo lilikuwa na upungufu wa aina mbili. Lilihesabu mchakato mmoja mmoja, kwa hiyo programu iliyozaa michakato mia ilipata vikomo mia. Ni habari ya watoto kumi na mitungi kumi. Aidha, mara nyingi lilipima nafasi iliyoahidiwa badala ya iliyokaliwa. Katika Linux upungufu huu wa pili ulikwenda mbali zaidi: kikomo cha kurasa zilizokaliwa kimebaki na jina lake katika orodha, lakini tangu toleo la 2.4.30 hakina athari yoyote. Ni sheria iliyomo kitabuni isiyo na askari.

Wakati mijadala hiyo ikiendelea Marekani na Ulaya, hali ya Afrika Mashariki ilikuwa nyingine. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na amri hiyo ikalegezwa baadaye. Haishangazi basi kwamba miaka ambayo ilikuwa ya neema kwa istilahi za isimu, fasihi na sayansi ya shuleni haikuacha urithi mkubwa wa istilahi za mifumo endeshi. Lugha haibuni majina ya mambo yasiyobishaniwa na wasemaji wake.

V. Ahadi na mchinjaji

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991. Mfumo huu ulirithi desturi ya kuahidi kupita kiasi, na desturi hiyo ina sababu yake. Programu nyingi huomba nafasi kubwa na kutumia sehemu ndogo tu. Tena, mchakato unapozaa mwingine, mzazi na mtoto hushirikiana kurasa zilezile mpaka mmoja wao atakapoandika jambo jipya. Kukataa maombi yote yanayozidi nafasi iliyopo kungeiacha sehemu kubwa ya kumbukumbu bila kazi.

Lakini ahadi zikidaiwa zote kwa siku moja, kiini cha mfumo hakina cha kutoa. Hapo Linux humwita mchinjaji: sehemu ya kiini inayoipa kila mchakato alama, zaidi kwa kadiri ya nafasi unayoikalia, na kuuua ule wenye alama nyingi. Hukumu hii huokoa mashine, lakini haitafuti mkosaji. Programu ya kutunza hesabu za benki, iliyokalia nafasi kubwa kwa haki, yaweza kufa kwa sababu ya programu ndogo iliyoharibika na kuanza kumeza kurasa kidogokidogo. Mkubwa huuawa kwa ukubwa wake. Wasimamizi wa mitambo wameruhusiwa kurekebisha alama ili kuikinga michakato fulani, lakini kinga hiyo humhamishia mwingine kifo tu, haiongezi nafasi.

VI. Vikundi vya udhibiti, 2006 hadi 2018

Mwaka 2006 Paul Menage na Rohit Seth, mafundi wa Google, walianza kazi iliyobadilisha jambo lenyewe linalohesabiwa. Kampuni yao iliendesha kazi nyingi zisizohusiana katika mashine moja, na ilihitaji kazi moja isiiangamize nyingine. Badala ya kuhesabu mchakato, walihesabu kikundi. Kila mchakato unaozaliwa huingia katika kikundi cha mzazi wake, na matumizi ya wote hujumlishwa pamoja. Kuzaa hakumpi mtu mgawo mpya. Vikundi navyo huwekwa ndani ya vikundi, kila ngazi na kikomo chake. Msingi huo uliingizwa katika Linux 2.6.24, Januari 2008. Sehemu ya kudhibiti kumbukumbu, ambayo Balbir Singh alikuwa miongoni mwa waandishi wake wakuu, ilifuata katika toleo la 2.6.25 mwezi wa Aprili mwaka huohuo.

Utekelezaji wake huenda kwa hatua. Kikundi kinapofika kikomo, kiini hujaribu kwanza kurudisha kurasa za kikundi hichohicho: zile zinazoweza kutupwa hutupwa, na nyingine huhamishiwa diskini ikiwa mahali papo. Jitihada hizo zikishindikana, mchinjaji huitwa, lakini huruhusiwa kuua ndani ya kikundi hicho tu. Balaa hubaki katika nyumba ilimozuka. Ni hekima ileile ya mita kuu ya Manyatta, ambapo hasara ya sehemu moja haiwi hasara ya mji.

Toleo la pili la vikundi hivi, lililoongozwa na Tejun Heo, lilitangazwa rasmi katika Linux 4.5 mwaka 2016. Liliongeza daraja baina ya uhuru na kifo. Kikundi kinaweza kuwekewa kiwango cha hadhari, ambacho kikivukwa michakato hucheleweshwa na kurasa zake kurudishwa kwa nguvu bila yeyote kuuawa. Juu yake kuna kikomo chenyewe. Chini kuna akiba, yaani kiasi ambacho kikundi hakitanyang'anywa hata wengine wakipungukiwa. Mwisho wa mwaka 2018 toleo la 4.20 liliongeza kipimo cha dhiki, kinachoonyesha ni muda kiasi gani michakato imepoteza kwa kungojea kumbukumbu. Hapo onyo la Denning la mwaka 1968 lilipata chombo cha kulipima katika kila kikundi.

Juu ya msingi huu zilijengwa Docker mwaka 2013 na Kubernetes mwaka 2014. Msimamizi wa Kubernetes huandika namba mbili kwa kila kazi: kiasi inachoombewa na kikomo chake. Kazi inapouawa kwa kuvuka kikomo huacha nyuma namba 137, ambayo ni 128 kuongeza 9, yaani namba ya ishara ya kuua.

VII. Simu ya mkononi

Kwa wakazi wengi wa Manyatta, kompyuta ya kwanza kumilikiwa ni simu. Android, iliyotoka mwaka 2008, imejengwa juu ya Linux. Simu yake ya kwanza, G1, ilikuwa na megabaiti 192 za kumbukumbu, na kila programu ilikatiwa megabaiti 16 za kuhifadhia vitu vyake. Kuua mchakato katika Android si ajali, ni desturi. Mfumo hupanga michakato kwa umuhimu, ule ulio mbele ya macho ya mtumiaji ukiwa wa mwisho kuguswa, na ile iliyo nyuma ikiuawa kwanza nafasi inapopungua.

Mwaka 2011 Safaricom na Huawei waliingiza Kenya simu ya IDEOS kwa bei ya takriban dola 80 za Marekani, nayo ikawafungulia wengi mlango wa Android. Kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 256. Desemba 2017 Google ilitoa Android Go kwa ajili ya simu zenye gigabaiti moja au chini ya hapo. Kikomo basi hakikuwa tena jambo la mafundi katika vyumba vyenye baridi. Mfanyabiashara wa soko la Kibuye anayejaza fomu ya mkopo katika simu ya bei nafuu, akaiacha kidogo ili asome ujumbe wenye namba ya siri, aweza kurudi na kuikuta fomu imeanza upya. Mchakato umeuawa nyuma yake. Mwenye simu ya bei ghali hafikwi na hali hiyo mara nyingi. Kwa hiyo kikomo kilekile kina uzito tofauti kwa watu tofauti, na anayekilipia zaidi ni yule ambaye muda wake haukuhesabiwa na mbuni wa programu.

VIII. Tatizo la istilahi

Mfanyabiashara huyo akiuliza kulikoni, jibu analopata mara nyingi ni hili: "Memori imejaa." Hapa ndipo mwanaisimu anapohusika. Neno memori, katika matumizi ya mitaani, limeshikamana na kadi ya memori, yaani mahali pa kuwekea picha na nyimbo. Neno kumbukumbu nalo halitoi msaada mkubwa. Kumbukumbu za mkutano na kumbukumbu za marehemu ni mambo yanayodumu. Kumbukumbu ya kompyuta inayozungumziwa katika makala haya hufutika umeme unapokatika. Kwa kusikia kwamba memori imejaa, mtu hufuta picha. Aweza kufuta picha za msiba na za harusi, na fomu ikaendelea kupotea kama mwanzo, maana kilichopungua hakikuwa ghala bali nafasi ya kufanyia kazi.

Jitihada za kuiswahilisha kompyuta si haba. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na mjadala wa kompyuta na tarakilishi umeendelea kwa muda mrefu pande zote mbili za mpaka. Hata hivyo, mjadala huo umehusu zaidi jina la mashine na majina ya vitu vinavyoonekana katika kioo. Mambo yanayotendeka chini ya kioo yamepata majina ya kubahatisha.

Historia iliyoelezwa hapo juu inaonyesha kwamba Kiswahili tayari kina maneno yanayohitajiwa, ikiwa yatatenganishwa kwa uangalifu. Hifadhi iwe mahali pa kudumu, na kumbukumbu tendaji iwe nafasi ya kazi inayofutika. Mgawo ni kiasi ambacho kikundi kimepangiwa. Kikomo ni mpaka usiovukwa. Kiwango cha hadhari ni pale ucheleweshaji unapoanzia. Akiba ni kiasi kisichonyang'anywa, na neno hili lina mizizi katika maisha ya watu wa ufuko huu wa ziwa: katika boma la Wajaluo kila mke alikuwa na ghala lake, dero, kwa ajili ya nyumba yake. Msomaji aliyekulia katika boma la namna hiyo hahitaji maelezo marefu ili aelewe kwa nini kikundi kiwekewe akiba.

Kuhusu kitenzi, kuua kumekwisha kuzoeleka miongoni mwa mafundi, na hakuna haja ya kukikwepa. Ubora wake ni kwamba huuliza nani aliyeua. "Programu imejifunga" huficha mtendaji. "Mfumo umeuua mchakato kwa kuvuka kikomo" humtaja mtendaji na sababu yake, na kumwelekeza mtumiaji mahali pa kutafuta dawa.

IX. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaweza kujumlishwa hivi. Kikomo cha kwanza kilikuwa uzio wa chuma. Cha pili kilikuwa sheria juu ya mchakato mmoja. Cha tatu ni hesabu ya kikundi kwa ngazi, yenye mgawo, hadhari, kikomo na akiba. Kila hatua ilizaliwa na kasoro ya ile iliyoitangulia. Katika hatua zote, jambo gumu halikuwa kuhesabu kurasa, bali kuamua ni nani ahesabiwe pamoja na nani, na ni nani aumie nafasi isipotosha. Hayo ni maamuzi ya watu, ingawa hutekelezwa na mashine.

Kwa sababu hiyo istilahi zake hazifai kuachiwa mafundi peke yao. Vyama na mabaraza ya lugha, pamoja na idara za vyuo, yafaa viyashughulikie maneno haya machache mapema, na viyapeleke kwa waandishi wa vitabu vya shule na watafsiri wa simu. Mtu anayelijua jina sahihi la kilichopungua anaweza kudai programu nyepesi, au kufunga zile asizozihitaji, na picha zake zikabaki salama.